Muamala Haujilindi

Mwenye duka Mkomani akilipwa kwa M-Pesa, mfumo wake hupaswa kupunguza stoki na kuandika malipo kwa pamoja. Wanaotengeneza mifumo hiyo hurudia madai manne yasiyosimama.

*"Hifadhidata italinda kila kitu."* Hailindi isipoambiwa. Kwa kawaida hifadhidata za PostgreSQL na MySQL huhesabu kila amri kuwa muamala unaojitegemea. Stoki ikipunguzwa kisha amri ya malipo ikakwama, mchele umetoka na pesa hazimo daftarini. Ziweke amri zote mbili katika muamala mmoja, ili zithibitishwe pamoja au zitenguliwe pamoja.

*"Hitilafu ikitokea, muamala utatenguka."* Inategemea hitilafu gani. Katika Spring, inayotumika sana kwenye mifumo ya Java, kinachotengua ni RuntimeException na Error. Hitilafu ambazo Java humlazimisha mwandishi azishughulikie au azitangaze haziutengui. Muamala hupita kana kwamba hapana lililotokea, ila uwe umeagiza vingine.

*"Gunia la mwisho haliwezi kuuzwa mara mbili."* Laweza. Kiwango cha utengano wa miamala ambacho PostgreSQL huanza nacho huwaruhusu wateja wawili kusoma kwa wakati mmoja kwamba limebaki moja. Funga safu ya bidhaa hiyo kabla ya kuisoma, au iwekee amri ya kupunguza sharti kwamba stoki imezidi sifuri.

*"Ombi la M-Pesa nalo liingie ndani ya muamala huohuo."* Hili ndilo dai ghali kuliko yote. Seva ya nje ikichelewa kujibu, safu hubaki imefungwa na wanunuzi wengine wanangoja. Tena, ukitengua, hurudi hifadhidata yako tu; pesa zilizokwisha kutoka kwa mteja hazirudi. Mtaalamu wa hifadhidata Jim Gray alilieleza jambo hili mwaka 1981: tendo lililokwisha kutokea nje ya mfumo halifutiki, hufidiwa kwa tendo jingine. Kwa hivyo andika agizo kuwa "linasubiri", lithibitishe, ndipo uombe malipo. Jibu likija, fungua muamala mpya. Na kwa kuwa jibu laweza kuja mara mbili, nambari ya muamala ya M-Pesa isikubaliwe kujirudia.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi, kabla ya kukabidhi mfumo, zima seva katikati ya malipo, kisha ulinganishe stoki na pesa. Zisipolingana, kazi haijaisha.