Kasa Hakununua Dawa

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, tunakumbushwa kwamba dawa zinaishiwa nguvu. Ni wiki ya dunia ya kuelimishana kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ule ambao wataalamu wetu wameufupisha wakauita UVIDA. Mabango hutundikwa, fulana huchapishwa, vijana wa vyuo hupangwa mstari na kupigwa picha. Ujumbe haubadiliki: usinunue antibayotiki bila cheti cha daktari, usimpe mwenzako dawa yako, maliza dozi. Mkosaji katika ujumbe huo anajulikana bila kutajwa. Ni yule mama anayesimama mbele ya duka la dawa na noti ya elfu mbili, akiomba apewe vidonge vya rangi mbili vya pesa hiyo.

Nami nimewahi kuivaa fulana hiyo na kumnyooshea kidole mama huyo. Leo nataka kumtetea, na shahidi ninayemleta ni kasa.

Kati ya Juni na Desemba 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Oman, waliwasubiri kasa wanaokuja ufukweni kutaga. Walichukua mayai wakati kasa mwenyewe akiwa anayataga, matatu kwa kila kasa, hadi wakapata mayai 90. Waliyachunguza ganda, ute na kiini. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009 ni kwamba asilimia 42 ya mayai hayo yalikuwa na bakteria, wa jenasi kumi tofauti. Bakteria hao walipojaribiwa kwa antibayotiki 14, wengi walionyesha usugu kwa dawa moja au nyingine, na dawa iliyoshindwa kuliko zote ilikuwa ampisilini. Ndiyo hiyo hiyo ampisilini ya kwenye rafu za maduka yetu. Watafiti walihitimisha kwamba kasa hao walikuwa wamepita au kula katika maji yaliyochafuliwa na majitaka.

Tusijidanganye kwamba Oman ni mbali. Ras al-Hadd, ambako kasa huja kutaga kwa maelfu, iko jirani na Sur, mji ambao majahazi yake yalikuwa yakishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja miaka mingi kabla ya mabibi na mababu zetu kuzaliwa. Bahari ni moja. Na si Oman peke yake: mwaka 2017 watafiti wa Australia walieleza kuwa wamekuta bakteria sugu kwa kasa wa Great Barrier Reef, mahali ambapo dunia nzima hupiga picha ili kuonyesha bahari safi ilivyo.

Sasa tuulizane. Kasa alikosea wapi? Hakununua dawa bila cheti. Hakuacha dozi katikati baada ya kupata nafuu. Hakumgawia jirani vidonge vilivyobaki. Masharti yote yaliyoandikwa kwenye lile bango ameyatimiza maisha yake yote, na bado amebeba bakteria wasiosikia dawa, na yai lake limewabeba pia.

Jibu liko kwenye malisho yake. Kasa mzima hula zaidi nyasi za baharini, na nyasi hizo huota kwenye maji mafupi karibu na pwani, yaani palepale mitaro na mabomba yetu yanapoishia. Tunachomwaga huko si kinyesi tu. Mtu akimeza amoksilini, zaidi ya nusu ya dawa hutoka kwenye mkojo ikiwa bado ni dawa. Huko shimoni inakutana na mabilioni ya bakteria. Wale dhaifu wanakufa, wale sugu wanabaki na kuzaana. Kisha hutokea jambo baya zaidi: bakteria sugu huweza kumpa mwenzake, hata asiye wa ukoo wake, kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plasmidi, chenye maelekezo ya namna ya kuishinda dawa. Ni kama wanafunzi wanaopeana majibu ya mtihani chini ya dawati. Shimo la choo, mtaro wa hospitali na mto unaopita nyuma ya machinjio ndivyo vyumba vya mtihani visivyo na msimamizi.

Ndiyo maana bango linanikera. Aliyemaliza dozi na asiyemaliza, wote wanaenda choo kimoja. Unaweza kuwa mgonjwa mwadilifu kuliko wote nchini, ukapewa cheti na daktari bingwa, ukameza vidonge vyako kwa kengele ya simu, na dawa yako ikaishia pale pale ilipoishia ya yule mama wa elfu mbili. Bango linazungumza na mdomo. Tatizo limeshapita mdomoni, liko kwenye bomba.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema usugu ni wa kale kuliko dawa zenyewe. Ni kweli. Mwaka 2011 wanasayansi walitangaza kuwa wamekuta vinasaba vya usugu kwenye udongo ulioganda huko Kanada kwa miaka 30,000. Ni kweli pia kwamba pseudomonasi, bakteria aliyeonekana mara nyingi zaidi kwenye mayai ya Oman, haogopi ampisilini kwa asili yake. Kwa hiyo sisemi kila bakteria sugu ndani ya kasa ametoka chooni kwetu. Ninasema kwamba moto kuwepo porini tangu zamani si ruhusa ya kumwaga petroli.

Wa pili atasema mgonjwa naye ana wajibu. Anao. Antibayotiki haitibu mafua, na anayekunywa rangi mbili kwa kila kikohozi anaharibu. Lakini tupime uzito wa kila kosa. Mwaka 2018 Peter Collignon na wenzake walichapisha uchambuzi wa nchi 103, wakitafuta ni kitu gani kinaendana na kiwango cha usugu katika kila nchi. Wengi wetu tungebashiri kuwa ni wingi wa dawa zinazotumika. Sivyo. Walichokuta ni kwamba nchi zenye miundombinu bora, ikiwemo ya usafi wa mazingira, na zenye utawala bora, ndizo zilizokuwa na usugu mdogo. Kiasi cha dawa kinachotumiwa hakikuonyesha uhusiano wa maana. Yaani vyoo, maji safi na viongozi wanaowajibika vilieleza mengi kuliko tabia za wagonjwa. Kasa alikuwa ametuambia hivyo mapema.

Mbona basi tunaendelea na mabango? Kwa sababu bango ni rahisi. Kumlaumu mama kunagharimu karatasi na wino. Kutandika bomba, kujenga mtambo wa kusafisha majitaka na kuulipia umeme kila mwezi kunagharimu mabilioni, tena chini ya ardhi, ambako hakuna utepe wa kukatwa wala jiwe la msingi linaloonekana. Elimu kwa umma imekuwa njia ya serikali na wafadhili kufanya kitu bila kufanya lililo zito. Sisi wasomi vijana tumekuwa wapeperusha bendera wao, kwa posho ya nauli na soda.

Tazama hata kalenda ilivyotusuta. Wiki hiyo ya Novemba huangukia kwenye vuli. Wakati sisi tuko ukumbini tukiambiwa tumalize dozi, nje mvua inanyesha, na katika mitaa mingi ya Dar es Salaam watu wanatapisha vyoo. Anayeishi huku hahitaji kuelezwa. Shimo limejaa, gari la kunyonya majitaka ni ghali au halifiki uchochoroni, basi mvua ikikolea shimo linatobolewa na vyote vinafuata maji: mtaroni, mtoni, baharini. Mkazi wa kawaida wa jiji hili hajaunganishwa na bomba la majitaka, na kwa miaka mingi hata bomba lenyewe lililopo katikati ya jiji limekuwa likiishia baharini. Ng'ambo ya pili, Mji Mkongwe wa Zanzibar, urithi wa dunia, nao umemwaga majitaka yake baharini kwa miaka mingi bila kuyasafisha. Mbele ya mabomba hayo watoto wanaogelea, akina mama wanaokota chaza, na kasa anakula.

Si habari ya wanyama tu. Mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ambayo dawa zilishindwa kuyatibu, na Afrika kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi, ndiko kiwango cha vifo kilikuwa kikubwa zaidi. Miongoni mwao wamo watoto wachanga ambao hawakuwahi kuacha dozi yoyote, maana walikuwa hawajawahi kupewa hata moja. Wanafanana na kasa. Walikuta mazingira yameshaharibiwa na wakubwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote atakayealikwa Novemba ijayo, na nimekwisha kulifanya kuwa sharti langu mwenyewe. Nenda, vaa fulana ukipenda. Wakifika kwenye maswali, nyanyua mkono na uulize mambo matatu. Katika bajeti ya kupambana na UVIDA mwaka huu, ni shilingi ngapi zimetengwa kwa majitaka? Ni nani anayepima maji ya mitaro na ya bahari kutafuta bakteria sugu, na majibu yake yanabandikwa wapi ili wananchi wayasome? Na hospitali hii tuliyokaa ndani yake, yenye wodi zinazotumia antibayotiki kali kuliko zote mjini, bomba lake la majitaka linaishia wapi?

Usikubali kujibiwa kwamba suala hilo ni la wizara nyingine. Omba mwenyeji wenu awatoe nje na kuwaonyesha bomba hilo, mlifuate kwa miguu mpaka mwisho wake. Picha ya pamoja mpigie huko.