UPONDO WA ABIRIA SI WA MTOTO



Katika vikao vyetu vya Garsen tumesema sana habari za nauli na zamu za kivuko, lakini neno moja tumelikwepa. Neno hilo ni umri wa vijana wanaovusha watu Mto Tana. Mto ukifurika, kama Novemba 2023 na tena Aprili 2024, barabara huzama, na ndipo vijana wa miaka 14 au 15 hushika upondo wa abiria. Mtu akianguka majini, hao hao ndio tunaowapigia kelele wajitose.

Wazee watatujibu kwamba mtoto wa huku hujua mto kabla hajajua kuhesabu. Ni kweli, tena anaogelea kuliko sisi tuandikao ukurasa huu. Lakini kuogelea ni kazi moja, na kumtoa mwenzio majini ni nyingine. Anayezama humkumbatia mwokozi wake kwa nguvu zote, na mtoto mwenye mwili mwepesi hushuka naye.

Na kubwa zaidi si nguvu, ni mdomo. Mtumbwi ukisha kujaa, huja bwana mmoja na baiskeli yake, au mtu wa ofisi mwenye haraka. Mtu mzima atamwambia, "Chombo kimejaa, ngoja zamu." Mtoto wa miaka 14 amwambieje mzee wa rika la baba yake? Tumemfunza asijibizane na wakubwa. Atainamisha kichwa, atasogeza miguu, na mtumbwi utaondoka maji yakiwa vidole viwili chini ya ukingo.

Hatujasahau tarehe 28 Aprili 2024, mashua ilipopinduka katika mafuriko ya Kona Punda, karibu na Madogo. Watu 23 waliokolewa, wengine wakafa. Twaitaja si kwa kumlaumu nahodha, bali kwa kuwa yaonyesha jinsi maji yasivyongoja.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na wa kati ya 13 na 16 humruhusu kazi nyepesi tu. Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1973, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1979, waweka miaka 18 kwa kazi ya hatari. Wa miaka 16 aweza kuruhusiwa ikiwa amefunzwa na amekingwa. Hata Marekani, tangu mwaka 2010, kijana wa miaka 15 aliyefunzwa aweza kuwa mwokoaji kwenye bwawa la kuogelea, lakini mtoni au ziwani hawezi mpaka afike 16. Na mabwawa yale hayana viboko.

Sasa tuseme la aibu. Baadhi ya wenye mitumbwi hiyo ni wanachama wetu. Husema, "Simwajiri, nampa chombo tu, jioni tunagawana." Mabwana, kugawana huko ni kazi, na anayepata fungu lake akiwa amekaa chini ya mwembe ni tajiri wa mtoto yule.

Twajua pesa zile ni za unga na daftari. Kwa hiyo hatusemi mtoto afukuzwe kivukoni. Aliye chini ya miaka 16 na akae nchi kavu, afunge kamba, akusanye nauli, baada ya saa za shule. Wa 16 na 17 ajifunze chomboni pamoja na mtu mzima ambaye ndiye mwenye amri, naye avae jaketi la kuokolea. Na kila mtumbwi upakwe mstari wa rangi ubavuni. Maji yakiufikia, hakuna anayeongezwa. Mstari hauoni haya mbele ya mzee.

Makatibu wa matawi walete katika kikao kijacho orodha ya vyombo na umri wa wanaovishika. Kamati itaanza kukagua vyombo vya wanakamati wenyewe.