Kujua Jina la Ugonjwa Hakutoshi

Katika shule zetu za msingi mafunzo ya afya huhesabiwa kuwa mepesi. Mwalimu huandika ubaoni jina la ugonjwa, na chini yake chanzo, dalili na kinga. Watoto hunakili. Mwisho wa muhula huulizwa wataje dalili nne za malaria, nao huzitaja bila taabu. Alama hupatikana na kila mtu huridhika. Maoni yangu ni kwamba somo lililofundishwa hivyo limeachwa nusu ya njia. Limempa mtoto jina la ugonjwa, lakini halikumfundisha jambo la lazima zaidi, yaani kuitazama hali ya mgonjwa na kuamua kama atatunzwa nyumbani, atapelekwa zahanati leo, au atakimbizwa sasa hivi.

Huenda mwalimu mwanafunzi akauliza: uamuzi huo unamhusuje mtoto wa darasa la nne? Na atazame vijiji na mitaa yetu. Mama akienda shambani au sokoni, anayebaki na mdogo wake ni nani kama si mwanafunzi huyo huyo? Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba mtoto amekataa uji, au kwamba macho yamemdidimia baada ya kuharisha tangu asubuhi. Malaria iletwayo na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kilichoenea zaidi Tanzania, yaweza kuwa kali na kuua isipotibiwa ndani ya saa 24. Wahenga walisema: mficha maradhi kilio humfichua. Lakini wazazi wengi hawafichi maradhi. Wanangoja kwa sababu hakuna aliyewafundisha ni lipi la kungojwa na ni lipi lisilongojeka.

Mfano mzuri ni degedege. Katika sehemu nyingi, hasa za pwani, wapo wanaoamini kwamba degedege ni la mashetani, na kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Kwa imani hiyo mgonjwa huanza kuzungushwa kwa waganga wa jadi, na zahanati hufikiwa saa za mwisho. Kumbe degedege laweza kutokana na homa kali tu, au na malaria kali, au na homa ya uti wa mgongo, na hayo hayawezi kutenganishwa kwa macho. Yahitaji mganga wa hospitali na vipimo. Mwalimu anayemfundisha mtoto kuandika "degedege ni dalili ya malaria" hajaigusa imani hiyo hata kidogo. Afadhali amfundishe la kufanya: mlaze mgonjwa kwa ubavu, usimtie kitu kinywani, usimnyweshe chochote, ita mtu mzima, naye apelekwe hospitali mara moja.

Napendekeza basi dalili zigawanywe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kukimbiza, hata kama ni usiku: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea mno na hazinduki. Hizi nne ndizo dalili za hatari ambazo wahudumu wa afya hufundishwa kuziangalia kwanza kwa mtoto aliye chini ya miaka 5. Fungu la pili ni la kwenda zahanati siku hiyo hiyo: homa, kuharisha damu, au kikohozi pamoja na kupumua haraka. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Homa imo katika fungu hili kwa sababu haijulikani kwa kuguswa paji la uso kama ni ya malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Fungu la tatu ni la kutunza nyumbani huku ukiangalia: mafua na kikohozi chepesi, ikiwa mtoto hana homa, anakula na anacheza. Hata hivyo, kikohozi kikitimiza wiki mbili, hakina budi kupimwa kifua kikuu.

Wapo watakaopinga kwamba mwalimu si daktari, na kwamba tutazalisha waganga nusunusu. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana sisemi tufundishe kutibu. Majina ya vidonge na vipimo vyake tuwaachie wenye kazi hiyo. Dawa moja tu yafaa kufundishwa kwa mikono, nayo ni maji ya chumvichumvi kwa anayeharisha, yakichanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Mengine yote ni elimu ya kuona na kutoa taarifa mapema, na elimu hiyo haimnyang'anyi daktari kazi yake. Humletea mgonjwa angali hai.

Njia ya kufundisha nayo haina budi kubadilika. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Hawakuishia kunakili. Nasi tuwape watoto habari fupi za wagonjwa, wabishane katika vikundi kila mmoja awekwe fungu lipi, na watoe sababu. Wahesabu pumzi za wenzao kwa dakika nzima wakitumia saa ya mwalimu. Wachore ramani ya njia ya kwenda zahanati, waonyeshe nyumba yenye simu, yenye pikipiki au baiskeli, na jirani wa kuamshwa usiku. Neno "zahanati" lisilo na njia ya kuifikia halimsaidii mgonjwa.

Na mtihani ufuate mafunzo. Badala ya "Taja dalili nne za malaria", tuulize: "Mdogo wako ana miaka 2. Ametapika maziwa, maji na uji, na sasa analala tu. Mama yuko shambani. Utafanya nini kwanza, na kwa nini?" Swali hilo halijibiwi kwa kukariri. Mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha na aanze kwa kuandika maswali matano ya namna hiyo, kisha atayarishe somo litakalomwezesha mtoto kuyajibu.