Fundi Asiyekuuliza Logibuku Ni Fundi wa Mwizi Wako

Wasee, leo sina vichekesho. Leo nakuja kwenu nyinyi mnaoandika kwa komenti ati fundi mzuri wa funguo ni yule "hakusumbui na maswali." Nilikuwa mmoja wenu hadi mwaka jana. Sahi nasema hivi: fundi asiyekuuliza chochote hajakufanyia wema, na kwa nyumba yetu hapa Kibwezi tulijifunza hiyo kitu vibaya.

Mwaitu, yaani mama yangu, ana Toyota Fielder ya kubonyeza. Alinunua kwa mkopo wa sacco, ikaja na ufunguo mmoja tu, kama gari nyingi tu zinazotoka Japani. Jioni moja nilienda nayo kumchukua binamu yangu stesheni ya SGR. Gari nikaiacha hapo na yeye, mimi nikaruka kwa boda kuja mjini kununua soda na mkate. Kurudi, mfuko uko wazi, ufunguo hauko. Tulitafuta na tochi ya simu hadi giza likatushinda. Na kesho yake asubuhi susu alikuwa na kliniki Makindu.

Nikampigia fundi wa kwanza, niliyepewa namba yake na jirani. Akauliza: gari ni ya nani, logibuku iko wapi, mwenyewe yuko hapo na kitambulisho? Nikamwambia logibuku iko kwa sacco. Akajibu kwa upole, "Sawa ndugu yangu, nitumie kopi, na mama mwenyewe awe hapo nikifika." Nikakasirika. Nikamwambia hii si polisi, nikakata simu.

Fundi wa pili hakuuliza kitu. Alifika saa tatu usiku na boda, begi mgongoni. Alitukuta watu watatu gizani tumezunguka gari iliyofungwa. Akafungua mlango, akachomeka mashine yake chini ya usukani, na kabla ya saa moja kuisha gari ikanguruma. Tukamtumia pesa kwa M-Pesa, akaenda. Mimi nashangilia. Mwaitu akabaki amesimama hapo, akaniambia, "Huyu kijana hata jina langu hajaniuliza."

Hebu rudia hiyo sentensi polepole. Angetukuta sisi ni wezi, angefanya kazi ileile, kwa bei ileile, na tungemshukuru vilevile.

Wengi wetu tunadhani ufunguo wa gari ni chuma na rimoti tu. Hapana. Kwa gari zenye imobilaiza, ndani ya ufunguo kuna chipu ndogo yenye namba ya siri. Chipu hiyo haihitaji betri. Inapata nguvu kutoka kwa gari yenyewe ukiisogeza karibu, ndiyo maana hata betri ya rimoti ikifa, ukigusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwasha, gari bado inakubali. Kompyuta ya gari ina orodha ya chipu inazozijua. Iliyo kwa orodha, injini inawaka. Isiyo kwa orodha, utasukuma hadi Mtito Andei.

Kazi ya fundi ni kuingia kwa orodha hiyo. Anaweza kuongeza ufunguo mpya, na anaweza kufuta ule wa zamani. Hizo ni kazi mbili tofauti, na hapo ndipo tulipochomeka.

Wiki mbili baadaye nilimpigia yule fundi wa kwanza, mkia nimeufyata. Nilitaka ufunguo wa pili wa akiba. Alikuja mchana, akaangalia kopi ya logibuku na kitambulisho cha mwaitu, akaandika kwa daftari lake, kisha akachomeka mashine. Akageuza kioo tuone. Funguo zinazotambulika: mbili. Sisi tulikuwa na moja.

Ule niliopoteza kati ya stesheni na mji ulikuwa bado hai. Wiki mbili nzima, yeyote aliyeuokota angeweza kuja kwetu usiku, abonyeze, aondoke na Fielder huku sisi tumelala na amani. Na mkopo wa sacco ungebaki palepale. Fundi wa pili aliongeza tu, hakufuta, hakutuambia. Mtu asiyejali gari ni ya nani, kwa nini ajali nani mwingine ana ufunguo?

Sasa najua mtaniambia nini.

Wa kwanza atasema, "Basi peleka kwa kampuni, achana na mafundi wa begi." Apana. Kutoka hapa hadi Nairobi ni karibu kilomita 200. Ufunguo ukipotea hapa, gari haiendi huko kwa miguu yake, utalipa gari la kuvuta kwanza. Fundi anayekufuata na mashine yake ni msaada mkubwa kwa watu wa Kibwezi, Mutomo na Makindu. Siwapigi vita. Nataka kazi yao iheshimike, na kazi haiwezi kuheshimika kama mwenye gari na mwizi wanapokelewa sawasawa.

Wa pili atasema, "Mwizi wa kweli ana mashine yake, hahitaji fundi." Wengine wanazo, kweli. Lakini hiyo ni kama kusema usifunge mlango kwa sababu kuna watu wanaojua kuruka ukuta. Kufuli ndogo inazuia watu wengi. Angalia Marekani: Hyundai na Kia nyingi za 2011 hadi 2021 ziliuzwa bila imobilaiza. Mwaka 2022 video za TikTok zikaonyesha vijana jinsi ya kuziiba, wizi ukalipuka, na Februari 2023 kampuni hizo zikatangaza programu mpya ya bure kwa magari kama milioni 8.3. Kizuizi kidogo tu kilikuwa kimekosekana. Na sisi, gari zetu zinacho, halafu tunamlipa mtu akiruke bila hata salamu.

Wa tatu, na huyu namwelewa, atasema, "Gari zetu nyingi logibuku haziko nyumbani. Ziko sacco, benki, au bado zina jina la aliyetuuzia." Ni kweli, na ndiyo ilikuwa hali yetu. Lakini kopi ipo. Barua ya sacco ipo. Makubaliano ya kuuziana yapo, na kama hayapo una shida kubwa kuliko ufunguo. Tena unaweza kutafuta namba ya gari kwa mfumo wa NTSA kupitia simu, ulipe ada, uone imesajiliwa kwa jina la nani. Fundi wa kwanza hakunikatalia. Alinipa njia. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

Na kuna wanaotaka serikali ipige marufuku hizi mashine. Uingereza ilitangaza Februari 2025 mpango wa sheria ya kuwafunga hadi miaka 5 wanaokutwa na vifaa vya kielektroniki vya kuibia magari. Hapo naogopa. Kwetu, sheria kama hiyo ikiandikwa ovyo itakula fundi wa begi kwanza, na mwizi atabaki. Napenda zaidi njia nyingine ya Marekani: kuna sajili ya mafundi, fundi anachunguzwa historia yake, na kabla ya kupewa kodi za ufunguo na kampuni za magari lazima athibitishe mwenye gari na aweke rekodi. Fundi anabaki na kazi, na kazi inabaki na macho.

Sisi hatuhitaji kungoja Nairobi. Tunaweza kuanza na daftari. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya gari, tarehe, sahihi. Na fundi, hiyo daftari ifungie vizuri, kwa sababu tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Kitambulisho cha mtu si cha kuachwa kwa galari ya simu yako.

Na wewe mteja, kabla hajafunga begi, muulize mambo mawili: "Mashine inaonyesha funguo ngapi?" na "Ule uliopotea umefutwa?" Akikasirika, umepata jibu lako. Kama gari ya nyumbani ina ufunguo mmoja, tengeneza wa pili sahi, mchana, bila presha, kwa sababu kuongeza ukiwa na mmoja mkononi ni rahisi kuliko kuanza bila hata mmoja. Sisi tulijifunza hiyo saa tatu usiku, na susu akitungoja.

Lakini zaidi ya yote, acheni kumsifu asiyeuliza. Sisi vijana ndio tunaotafuta mafundi kwa simu, ndio tunaowapa nyota na kuwasambaza kwa magrupu. Tukimpa nyota tano asiyeuliza na kumtukana anayeuliza, tunawafundisha wote waache kuuliza.

Fundi wa kwanza, kama unasoma hii: pole kwa kukukatia simu. Namba yako ndiyo napeana sasa. Na wakilalamika unauliza maswali mengi, nawaambia ndiyo maana.