Mchezo mmoja huweza kuuza mashine nzima

Je, msomaji mpendwa, kijana wako amekuomba umnunulie mashine ya michezo ya video, tena akashikilia kwamba anataka PlayStation wala si Xbox, au Nintendo wala si nyingine? Usiharakishe kumkemea kuwa anadeka. Mara nyingi nyuma ya ombi hilo kuna mchezo mmoja tu, ambao haupatikani kwenye mashine nyingine.

Hapa Nakuru, na pia Naivasha na Gilgil, vijana wengi huionjea michezo hii katika vibanda vya PlayStation, ambako mtu hulipia mechi au muda. Huko kandanda ndiyo mfalme. Lakini kandanda haimlazimishi mtu kuchagua mashine fulani, kwani EA Sports FC, mchezo ulioitwa FIFA hadi 2023, hupatikana kwenye PlayStation, Xbox, Nintendo Switch na hata kompyuta.

Mambo ni tofauti katika michezo ya kuigiza wahusika. Humo mchezaji huwa mhusika katika hadithi ndefu. Husafiri, hupigana na kujiongezea nguvu kidogo kidogo. Hadithi moja yaweza kuchukua saa 40 au zaidi. Ni nani atakayelipia saa hizo zote kibandani huku wenzake wakingoja zamu? Kwa hivyo mpenzi wa michezo hii hutaka mashine yake nyumbani, na huifuata hadithi kokote iendako.

Makampuni yalilitambua jambo hili zamani. Matoleo sita ya kwanza ya Final Fantasy, kuanzia 1987 hadi 1994, yalitoka kwanza kwenye mashine za Nintendo. Kisha kampuni ya Square ya Japani ikahitaji nafasi zaidi ya kuhifadhi picha na sinema za hadithi yake. Nintendo 64 ilitumia kaseti zisizozidi megabaiti 64, ilhali diski moja ya PlayStation ilibeba takriban megabaiti 650. Toleo la saba lilipotoka 1997 lilikuwa kwenye PlayStation, nalo lilijaza diski tatu. Waliotaka kuendelea na mfululizo huo wakati huo hawakuwa na budi kuhamia kwa Sony.

Microsoft nayo ilitoa dola bilioni 7.5 kununua ZeniMax, kampuni inayomiliki Bethesda, shughuli iliyokamilika 2021. Mchezo wa Starfield wa Bethesda ulipotoka Septemba 2023, ulikuwa wa Xbox na kompyuta pekee. Kwa nini gharama yote hiyo? Ni kwa sababu mashine ni mlango tu. Ukishaingia, mwenye mashine hupata fungu lake katika kila mchezo utakaonunua.

Basi mzazi afanye nini, hasa ikiwa bei ya mashine mpya yaweza kupita karo ya muhula mzima?

Kwanza, muulize mwanao anautaka mchezo gani. Akitaja kandanda peke yake, mna nafasi ya kuchagua mashine ya bei nafuu.

Pili, chunguzeni kama mchezo huo umefungiwa kwa muda au kwa miaka na mikaka. Final Fantasy XVI ilitoka Juni 2023 kwenye PlayStation 5 pekee, ikafika kwenye kompyuta Septemba 2024, na kwenye Xbox Juni 2025. Aliyevumilia hakulazimika kununua mashine ya pili. Lakini anayependa Pokémon asingoje hivyo, kwa maana tangu 1996 michezo mikuu ya mfululizo huo imekuwa ya mashine za Nintendo.

Tatu, tazameni kama mashine ina tundu la diski. Xbox Series S haina. Mwenye mashine kama hiyo hawezi kuazima diski ya rafiki wala kununua iliyotumika, na kila mchezo itabidi aupakue kupitia intaneti.

Nanyi wanafunzi, mnapopeleka ombi kwa wazazi, semeni ukweli kuhusu mchezo mnaoutaka. Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini katika michezo hii, shamba ndilo linalochagua jembe, na ni heri mzazi alijue shamba kabla ya kutoa pesa.