Ufa Usiozibwa: Dhamana ya Baiskeli ya Kukunja na Nafasi ya Kiswahili Sokoni

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufunzwa tangu shule ya msingi, na ni wachache wanaothubutu kuitilia shaka. Hata hivyo, ipo hali moja ambamo anayeifuata neno kwa neno hujiponza mwenyewe. Hali hiyo ni ya mmiliki wa baiskeli ya kukunja ambaye fremu yake imeingia ufa ilhali muda wa dhamana aliyopewa na mtengenezaji haujaisha. Akikimbilia kwa fundi wa kuchomelea ili ufa uzibwe, huwa ameitupa haki yake, na yamkini ameuweka uhai wake rehani. Makala haya yanashikilia kwamba ufa wa aina hii hauzibwi bali huripotiwa. Aidha, yanadai kwamba wanunuzi wengi wa Kenya hushindwa kuuripoti ipasavyo kwa sababu ahadi waliyouziwa imeandikwa kwa lugha wasiyoimudu vya kutosha, na kwamba wataalamu wa Kiswahili wana wajibu katika jambo hili.

Ili hoja hii ieleweke, ni vyema kuitazama baiskeli yenyewe. Kwa miaka mingi, baiskeli aliyoijua Mkenya ni ile nzito ya chuma, maarufu kama Black Mamba. Ndiyo iliyobeba maziwa, makaa na maiti. Ndiyo pia iliyozaa biashara ya boda boda katika mpaka wa Busia kabla ya pikipiki kuinyang'anya nafasi hiyo. Fremu yake ikivunjika, fundi wa jua kali huichomelea, ikaendelea kubeba mzigo miaka mingine kumi. Tajriba hiyo ndiyo iliyojenga imani ya umma kwamba hakuna fremu isiyotengenezeka.

Baiskeli ya kukunja ni kiumbe tofauti. Imekusudiwa mtu wa mjini anayeipanda kutoka nyumbani hadi kituoni, akaikunja, akaiingiza ndani ya matatu au gari moshi, kisha akaihifadhi chini ya meza kazini au katika chumba chake kimoja cha ghorofani ambako wezi hawaifikii. Aghalabu fremu yake ni ya alumini, nayo imekatwa katikati na kuunganishwa kwa bawaba na komeo. Magurudumu yake ni madogo, hivyo nguzo ya kiti na ile ya usukani hulazimika kuwa ndefu. Nguzo ndefu ni sawa na wenzo: uzito wa mpandaji huongezeka nguvu kila unaposhuka kuelekea kwenye maungio. Si ajabu basi kwamba nyufa nyingi huanzia karibu na bawaba, kwenye shingo ya usukani, au pale nguzo ya kiti inapoingia katika fremu.

Wahandisi hulieleza jambo hili kwa dhana ya uchovu wa metali. Chuma kikibebeshwa mzigo usiozidi kiwango fulani, kinaweza kuustahimili mara nyingi mno bila kupasuka. Alumini haina kiwango hicho cha usalama; kila mtikisiko, hata mdogo, huacha athari yake, na athari hizo hujilimbikiza hadi siku ufa unapochomoza. Isitoshe, aina ya alumini itumiwayo sana katika fremu, yaani 6061, hupata nguvu zake kiwandani kwa kupashwa joto la takriban nyuzi 530 za Selsiasi, kupozwa ghafla, kisha kuokwa kwa saa nyingi katika joto la chini zaidi. Moto wa fundi wa mtaani huiondoa nguvu hiyo mahali pale pale penye ufa, na fundi hana tanuri la kuirejesha. Kusema hivi si kumdharau fundi wa jua kali, ambaye ustadi wake katika chuma haupingiki. Ni kusema tu kwamba dawa ya chuma si dawa ya alumini. Fremu iliyochomelewa hivyo huonekana nzima machoni, lakini huweza kukatika ghafla katikati ya barabara, mbele ya lori.

Kwa hivyo, afanyeje aliyekumbwa na mkasa huu? Kwanza, aache kuipanda baiskeli siku hiyo hiyo. Pili, apasafishe mahali hapo na kupachunguza kwa mwanga mkali, kwa kuwa rangi huweza kupasuka ilhali metali iko salama. Alama inayoendelea kukua, au inayofunguka fremu inapokandamizwa, si ya rangi. Tatu, apige picha kadhaa, zikiwamo za karibu zilizowekewa rula kuonyesha urefu wa ufa kwa milimita, na nyingine inayoonyesha nambari iliyochongwa kwenye fremu. Nne, aitafute risiti. Tano, aandike barua kwa muuzaji akitaja tarehe ya ununuzi, nambari ya fremu, mahali ulipo ufa, siku alipougundua, na anachodai: fremu mpya, baiskeli nyingine, au pesa zake. Nakala ya barua abaki nayo. Akiikabidhi baiskeli, apewe stakabadhi iliyotiwa sahihi. Wapo watengenezaji wanaomtaka mteja aikate fremu mbovu kwa msumeno na kutuma picha ili isiuzwe tena. Asiikate kamwe kabla ya kupata ahadi ya maandishi kwamba atapewa nyingine.

Hatua hizi zaonekana nyepesi, lakini zinahitaji mtu anayejua alichoahidiwa. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mnunuzi hupewa ahadi mbili, na mara nyingi hazijui zote mbili. Ya kwanza ni ya mtengenezaji, iliyo katika kijitabu ndani ya boksi. Ahadi hii huwa na mipaka mingi: humhusu mnunuzi wa kwanza pekee, hivyo aliyenunua baiskeli ya mtumba haimfikii, pengine hudai usajili baada ya ununuzi, huweka kikomo cha uzito wa mpandaji na mzigo wake, huondoa gharama za kusafirisha na kufunga fremu mpya, na hufutika fremu inapochomelewa au kubadilishwa.

Ahadi ya pili ni ya sheria, nayo haimo ndani ya boksi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari anazohitaji ili afaidike nazo, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia kwa hasara au majeraha yatokanayo na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji, Nambari 46 ya mwaka 2012, inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora wa kuridhisha, hata asipotamka neno. Kabla yake, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ilikwisha kuweka masharti ya ubora na ufaafu yanayochukuliwa kuwamo katika mauzo ya mfanyabiashara. Muuzaji akikaidi, ipo Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Kwa maneno mengine, muuzaji anayemwambia mteja kwamba dhamana ni baina yake na kiwanda cha ng'ambo huwa amesema nusu ya ukweli. Kiwanda kiko mbali, lakini aliyepokea pesa yupo hapa.

Tuseme mwalimu wa shule ya msingi amenunua baiskeli ya kukunja kwa akiba ya miezi minane. Ufa unapotokea, anafungua kijitabu na kukuta kurasa za Kiingereza cha mawakili, herufi zikiwa ndogo mithili ya chungu. Kiingereza anakijua, anakifundisha. Lakini hana uhakika kama ufa wake ni kasoro ya uundaji, inayolipiwa, au ni uchakavu wa kawaida, usiolipiwa. Muuzaji naye anamwambia kwa sauti ya kujiamini kwamba ni uchakavu, na kwamba barabara zetu ni mbovu. Mwalimu ananyamaza, anakwenda kwa fundi, na haki yake inateketea katika cheche za kuchomelea. Laiti angesoma kwa lugha inayomwingia, angeuliza swali moja tu: tairi huchakaa, breki huchakaa, mnyororo huchakaa, je, fremu iliyodhaminiwa kwa miaka mitano huchakaaje katika mwaka mmoja?

Ni dhahiri shahiri kwamba soko letu limegawa kazi kwa lugha kwa namna isiyo ya haki. Tangazo la redioni ni la Kiswahili. Bango la kando ya barabara ni la Kiswahili, na pengine Sheng. Muuzaji anamkaribisha mteja kwa Kiswahili, wanapatana bei kwa Kiswahili, na pesa zinalipwa kwa simu inayoweza kutoa maagizo yake kwa Kiswahili. Inapofika zamu ya kueleza wajibu wa muuzaji, Kiswahili hutolewa nje na mlango ukafungwa. Kiswahili humwita mteja, Kiingereza humfukuza. Hayo yanatendeka katika nchi ambayo Katiba yake, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi.

Lawama hata hivyo haziwezi kuelekezwa kwa wafanyabiashara pekee. Sisi wapenzi wa Kiswahili hatujaliandaa vyema neno lenyewe. "Dhamana" hubeba mizigo mingi kwa wakati mmoja: mshtakiwa huachiliwa kwa dhamana, serikali hukopa kwa hati za dhamana, na kiongozi hupewa dhamana ya kuongoza. "Udhamini" nao umetekwa na ufadhili wa michezo na masomo. Kutokana na hali hiyo, watu wengi dukani husema "waranti" na kuendelea na safari. Kukopa si dhambi, lakini neno dhamana lina nasaba nzuri kwa kazi hii: asili yake ni Kiarabu, na hadi leo maduka ya Ghuba hutumia neno hilo hilo la Kiarabu kwa ahadi ya bidhaa. Panapohitajika kuondoa utata, "dhamana ya bidhaa" yatosha. Vivyo hivyo, "kasoro ya uundaji", "uchakavu wa kawaida", "matumizi yasiyofaa" na "mnunuzi wa kwanza" ni istilahi zinazoeleweka bila kamusi. Kinachokosekana ni ufafanuzi uliokubaliwa wa kila moja, ili muuzaji na mnunuzi wasizivute kila mmoja upande wake.

Wapo watakaouliza iwapo tafsiri italeta tofauti yoyote, maadam wanunuzi wa baiskeli hizi ni watu waliosoma. Jibu ni kwamba kusoma Kiingereza na kumudu Kiingereza cha mikataba ni mambo mawili. Hata Marekani, nchi ambayo wengi wa raia wake hukizungumza Kiingereza tangu utotoni, ililazimika mwaka 1975 kupitisha sheria iitwayo Magnuson-Moss, inayotaka dhamana za maandishi ziandikwe kwa lugha sahili inayoeleweka kwa urahisi. Ikiwa mwenye lugha alihitaji kurahisishiwa, sembuse aliyeikuta darasani? Wengine watasema tafsiri itamwongezea mfanyabiashara mdogo gharama. Hoja hii ina uzito, kwa sababu mwenye duka mara nyingi amebanwa baina ya mteja aliyekasirika na kiwanda kinachochelewa kujibu. Lakini ukurasa mmoja wa Kiswahili, unaotaja kinachodhaminiwa, kisichodhaminiwa, muda wake na namna ya kudai, humlinda yeye pia dhidi ya madai yasiyo na msingi. Mteja aliyesoma kwamba fremu iliyochomelewa haibadilishwi hataileta ikiwa imechomelewa.

Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu hufundisha tafsiri kila mwaka, na wanafunzi hupewa matini za kufanyia mazoezi. Hakuna kinachozuia baadhi ya matini hizo kuwa vijitabu vya dhamana vya baiskeli, jiko la gesi au simu. Zoezi hilo lingemfunza mwanafunzi uzito wa neno moja: tofauti ya "huenda tukabadilisha" na "tutabadilisha" ni tofauti ya mtu kupata fremu mpya na mtu kurudi nyumbani kwa miguu. Vyama vya wanafunzi navyo vinaweza kuandaa kielezo cha barua ya madai kwa Kiswahili sanifu na kukisambaza bure. Kazi hizi hazingoji sera wala bajeti ya serikali.

Methali ya wahenga basi haijakosea, imekosewa. Aliyeitunga alikuwa na nyumba ya udongo mbele yake, na udongo ulikuwa wake mwenyewe. Ufa wa fremu iliyodhaminiwa ni wa aliyeiuza mpaka atakapoutolea jibu. Mmiliki asiufunike kwa moto wala kwa rangi. Auache wazi, aupige picha, auandikie barua, na barua hiyo aiandike kwa Kiswahili.