Nishani ya Dhahabu Si Cheti cha Ubora

Wanunuzi wengi wa tarakilishi huipima pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, kwa nishani yake: shaba, fedha au dhahabu. Hilo ni kosa la kisemantiki kabla ya kuwa la kifundi. Mpango wa 80 PLUS, ulioanzishwa Marekani mwaka 2004, hupima ufanisi, yaani sehemu ya umeme isiyopotea kuwa joto. Kiwango cha msingi ni asilimia 80. Ufanisi si ubora. Utulivu wa volti na kinga dhidi ya shoti haviingii katika nishani hiyo. Na wati zilizoandikwa ubavuni? Baadhi ya watengenezaji hutaja kilele cha muda mfupi tu. Umeme unapoyumba, kisanduku duni huweza kuunguza diski iliyobeba tasnifu nzima. Mnunuzi na aulize kwanza volti hutulia kiasi gani chini ya mzigo kamili, ndipo atazame rangi ya nishani.